Probox yenye "injini mpya": ukaguzi tulioufanya Mtwara na kilichokutwa chini ya hedi

Kisa chenyewe kiko hivi. Shemeji yangu wa Tandahimba alipata hela ya korosho, minada ya msimu ule ilikuwa mizuri na chama cha msingi kikalipa bila kuzungusha watu sana, na si mnajua huku kwetu hela ya korosho ikishaingia benki kila mtu anakuwa na wazo la biashara, na kila mwenye gari yenye matatizo mjini naye anakuwa na wazo la kuiuza. Shemeji alitaka Probox ya kubeba watu na mizigo kati ya Mtwara na Tandahimba kwa njia ya Nanyamba. Dalali akampatia moja maeneo ya Chikongola, toleo la NCP51, injini ya Toyota inayoitwa 1NZ, gia za mkono, bodi safi, matairi yana maisha, muuzaji anataka milioni tisa na nusu. Na neno aliloling'ang'ania kwenye simu ni moja tu: "injini imefunguliwa, imepigwa ovahoo, haijamaliza hata kilometa elfu nane tangu ifungwe."

Shemeji alivyosikia hivo akafurahi. Mi nilivyosikia hivo nikamwambia asitoe hata senti mpaka niione.

Mana mtu hafungui injini kwa starehe. Hiyo hela ya gasketi (kizibo bapa kati ya vyuma viwili) na ringi (pete za pistoni) na ufundi mtu anaitoa pale gari imeshamkataa, kwa hiyo ukiambiwa injini imefunguliwa tayari umeambiwa kwamba kuna siku ilikufa au ilikaribia kufa. Swali la kwanza siku zote ni iliuawa na nini, halafu la pili, hicho kilichoiua kimeondolewa au bado kipo humo humo kinasubiri zamu ya pili. Wanunuzi wengi wanauliza kimebadilishwa nini. Muuzaji atakutajia ringi, beringi, gasketi, sili, na vyote vinaweza kuwa kweli na bado ukauziwa maiti.

Na hii 1NZ ina tabia zake, tusiichukulie sawa na zile injini za zamani za chuma kitupu. Bloku yake, yaani mwili wenye silinda, ni aluminiamu, na hedi yake, kile kichwa kinachofunika silinda kwa juu, ni aluminiamu, ndani ya silinda kuna bomba jembamba tu la chuma, na Toyota wenyewe hawakuitolea pistoni za ovasaizi, yaani kubwa kuliko za mwanzo, kwa hiyo ile habari ya "bloku ilichongwa ikawekwa 0.50" kwa injini hii ukiisikia shtuka kidogo uulize alichonga nani na pistoni zilitoka wapi. Aluminiamu ikichemshwa inapinda. Hedi ikipinda hata kidogo tu gasketi haishiki sawasawa, na hapo ndo mambo yote yanapoanzia.

Tulivyofika kwa muuzaji, mzee wa heshima zake, tukamwamkia, akatukaribisha viti, akaleta bahasha ya risiti. Hapo nampa pongezi, wengi hawana. Nikazisoma moja moja: seti ya ringi, beringi za koni na za krenki, gasketi seti nzima, oili, filta, silikoni tyubu mbili, plagi nne. Nikazirudia tena. Hamna boliti za hedi. Hamna themostati, kile kimlango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Hamna risiti ya mashine ya kusawazisha hedi. Hamna rejeta wala kuzibua rejeta. Nikamuuliza kwa upole, mzee, gari ilikuwa inasumbua nini mpaka mkaifungua? Akasema ilikuwa inakula oili kidogo tu. Sawa. Kama ilikuwa inakula oili basi ringi zinaeleweka, valvu sili, vile vizuizi vya oili kwenye valvu, zinaeleweka, nikaliweka hilo jibu pembeni kwanza.

Nikaenda kwenye gari, nikafungua boneti, nikaweka mkono karibu na eksozi manifoldi. Ya moto. Saa mbili asubuhi, tumepeana miadi, gari haijatoka getini kwa maelezo yake mwenyewe, na injini ni ya moto. Akasema alikuwa anaipasha isije ikatusumbua. Sikubishana nae, nikamwambia tu mzee sisi tutarudi kesho alfajiri, ila tunaomba ufunguo ulale kwa dalali. Injini ikishapata moto vyuma vinatanuka, mianya inajifunga, moshi wa asubuhi umeshaenda zake, na ile sekunde kumi ya kwanza ambayo injini mbovu haiwezi kudanganya inakuwa imeshakupita. Ukikuta imepashwa ondoka urudi, hata kama umetoka mbali. Kuna wengine kweli wanapasha kwa nia njema kabisa, ila wewe huwezi kujua yupi ni yupi.

Kesho yake kabla ya kuwasha tukaangalia kwa macho. Injini ilikuwa imeoshwa na kupulizwa rangi ya silva, inang'aa, na hilo halina maana yoyote zaidi ya kwamba limefuta ushahidi wa wapi palikuwa panavuja. Ila rangi haifiki kila sehemu. Kwenye ukingo wa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na wa kava la cheni mbele silikoni ilikuwa imetoka nje nene, imejikunja. Fundi akipaka silikoni nyingi namna hiyo, kiasi kile kile unachokiona nje kimesukumwa na ndani, na cha ndani kinakatika kinashuka kwenye oili mpaka kwenye chujio la pampu. Nikaweka alama kichwani. Nikaangalia vichwa vya boliti za kava, vimechubuka pembe, yaani vimefunguliwa zaidi ya mara moja, na kwa spana isiyokaa vizuri. Namba ya injini kwenye bloku nikaifuta na petroli nikailinganisha na kadi, iko sawa, hapo hamna tatizo.

Kifuniko cha rejeta sasa. Injini imelala usiku kucha kwa hiyo ni salama kufungua. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya rangi, kwenye shingo ya rejeta kuna ukoko mweupe mgumu. Huo mweupe mtu wa pwani ataujua haraka, ni maji ya kisima. Huku visima vyetu vingi vina chumvi, na mtu anajaza dumu lile lile la kisima kwenye rejeta miaka na miaka, chumvi inakula aluminiamu, ukoko unaziba vijibomba vya rejeta, siku ya siku gari inachemka njiani. Tanki la plastiki juu ya rejeta lilikuwa limepauka na lina mstari wa gundi upande wa kushoto. Plastiki ya rejeta inaanza kupauka na kupasuka ikishapigwa na moto mara nyingi. Hapo ndo ile hadithi ya kula oili ikaanza kunipa mashaka. Ushahidi wote wa nje ulikuwa unasema hii gari ilichemka, na ilichemka haswa.

Tukawasha. Stata ikazungusha, ikadaka, kwa sekunde chache injini ikawa inatetemeka, kama silinda moja inasita, kisha ikatulia ikawa nyororo. Nyuma kwenye eksozi ukatoka moshi mweupe, sio mwingi, ukakaa muda kidogo halafu ukapotea. Ingekuwa Makete au Njombe asubuhi ya mwezi wa sita ningesema ni baridi tu, ila Mtwara alfajiri mtu unatoka jasho umekaa, mvuke mweupe mzito hapa unataka maelezo. Matone mawili matatu ya maji kwenye bomba la eksozi ni kawaida kabisa kwa gari yoyote, ila moshi unaoendana na injini kusita wakati wa baridi maana yake mara nyingi ni kwamba usiku maji yamejipenyeza kidogo kwenye silinda, asubuhi yanachomwa. Na sasa ikaeleweka kwa nini jana ilipashwa.

Moshi wa bluu haukuwepo. Niliiacha ikae sailensi, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, kama dakika tano hivi nikakanyaga ghafla nikiangalia nyuma, wapi, safi, kwa hiyo valvu sili ziko salama. Kifuniko cha oili nikakifungua nikakigeuza nikakilaza tu juu ya tundu injini ikiwa inanguruma, kikakaa kimya bila kurukaruka, kwa hiyo hewa inayopita kwenye ringi ni ndogo. Hapo muuzaji alitabasamu na alikuwa na haki, kazi ya ringi ilifanywa vizuri. Hozi ya hewa chafu nayo ilikuwa mahali pake, mana kuna mchezo wa kuichomoa na kuielekeza chini ili mtu asione kinachotoka.

Nikachomeka skana kwenye soketi yake chini ya dashibodi, hivi vidude vya blutuuthi vya bei rahisi vinatosha kabisa, nikawa nasoma joto la maji. Kwa 1NZ themostati inaanza kufunguka kwenye nyuzi 80 na kitu. Yaani ikiwepo, mwanzo maji hayazunguki kwenye rejeta, paipu ya chini inabaki ya baridi, joto linapanda haraka mpaka 80 na kidogo, ndo sasa mlango unafunguka na paipu ya chini inapata moto. Hii paipu zote mbili zilianza kupata uvuguvugu tangu mwanzo, zinapanda pamoja taratibu, na kile kitaa cha bluu kwenye dashi kikawa king'ang'anizi, hakitaki kuzima. Themostati imetolewa.

Najua mafundi wenzangu watanirukia. Huku kutoa themostati kumekuwa desturi, gari ikichemka kitu cha kwanza "toa hiyo, nchi hii ina joto". Mi naona ni kuharibu tu. Themostati nzima haichemshi gari, inayochemsha ni iliyokwama, na dawa ya iliyokwama ni kuweka nyingine. Ukiitoa, injini inatembea ya baridi kuliko inavyotakiwa, inakula mafuta, na ubaya zaidi kwa mnunuzi ni kwamba ugonjwa wa rejeta unafichika. Ukiijaribu dakika kumi mitaa ya Shangani na upepo wa bahari unapiga mbele, utaona gari ya baridi, tulivu, utatoa hela.

Kwa hiyo tukaipeleka mbali kidogo. Tukapakia vijana wanne wa pale kijiweni, tukawasha AC, tukaelekea Mikindani. Barabarani inatembea vizuri, nguvu inayo, skana inasoma 70, 72. Injini inayotembea barabara kubwa kwenye 70 huku imepakia haina themostati, hapo hamna ubishi tena. Tulivyofika Mikindani tukapaki, AC inaendelea, injini sailensi. Nikamwambia shemeji aangalie simu asiangalie bahari. 85. 90. Feni ikawaka. 96. Feni haizimi. 101. Ilivyogonga 103 nikazima AC nikawasha hita ya ndani kupunguza moto, ikaanza kushuka kidogo kidogo. Gari nzima feni ikiwaka inarudisha joto ndani ya muda mfupi kisha feni yenyewe inazima. Hii upepo wa mwendo ukikosekana rejeta peke yake haina uwezo. Niliigusa kwa tahadhari baada ya kuzima, pembeni ya moto, katikati kuna eneo zima la baridi, maji hayapiti pale. Na kwenye kitenki cha akiba kulikuwa na mapovu yanapanda moja moja kila nikikanyaga mafuta. Hayo mapovu ni ya moto wa silinda unaotafuta njia ya kwenye maji.

Tukarudi mjini, tukaiacha ipoe mana hedi ya aluminiamu ukichomoa plagi ikiwa ya moto sana nyuzi zinaweza kutoka nayo, halafu tukapima kompresheni, yaani presha ya hewa inayobanwa ndani ya kila silinda. Plagi zote nne nje, soketi za nozo na koili zimechomolewa, betri nzima, mtu anakanyaga mafuta mpaka chini, stata inazungushwa mpaka sindano isimame. Kitabu cha Toyota kinaitaka 1NZ-FE iwe kama psi 213 ikiwa nzima, chini kabisa 156, na silinda kwa silinda zisipishane zaidi ya 14 hivi. Tulichopata: ya kwanza 200, ya pili 140, ya tatu 135, ya nne 195.

Angalia hizo namba vizuri. Kama ringi zingekuwa zimechoka zingeshuka zote au moja popote. Hapa za pembeni ni nzima na mbili za katikati zinazopakana ndo zimeanguka, tena karibu sawa. Nikatia oili kidogo ndani ya silinda ya pili na ya tatu nikapima tena, namba ikasogea kidogo sana. Oili inaziba mwanya wa ringi kwa muda, kwa hiyo tatizo lingekuwa ringi namba ingeruka juu. Haikuruka. Basi ni valvu au ni gasketi, na valvu za silinda mbili jirani kuharibika kwa kiwango sawa ni bahati ya ajabu sana.

Ili tusibahatishe tukaazima kompresa kwa jamaa wa kuziba pancha. Nina kiunganishi nilichochomelea kwenye ganda la plagi ya zamani, unakifunga kwenye tundu la plagi, unaweka pistoni ya silinda hiyo juu kabisa valvu zote zikiwa zimefunga, gia imeingia na hendibreki imevutwa mana upepo unaweza kuisukuma injini ikazunguka, kisha unaruhusu upepo kidogo kidogo halafu unasikiliza unatokea wapi. Ukisikia kwenye njia ya hewa, ni valvu ya kuingiza. Kwenye eksozi, valvu ya kutolea. Kwenye tundu la oili, ringi. Kipimo hiki nakipenda kuliko vyote mana hakina siasa. Tulivyopuliza silinda ya pili, upepo ukatoka kwenye tundu la plagi ya silinda ya tatu, shii, mpaka dalali akaweka kidole akahisi. Na kwenye shingo ya rejeta maji yakaanza kuchemka mapovu bila moto wowote.

Muuzaji alikuwa amekaa pembeni, hakusema kitu.

Nikamalizia na ile kamera ya waya inayochomekwa kwenye simu. Silinda ya kwanza na ya nne kichwa cha pistoni kina masizi ya kahawia, kawaida tu. Ya pili na ya tatu pistoni zilikuwa safi, zimeng'aa upande mmoja, zimesafishwa na mvuke wa maji yanayoingia kila siku. Kuta za silinda zilikuwa nzuri, mistari ya kuhoni (ile ya kusugua kuta za silinda) bado inaonekana, hamna mchirizi. Hiyo ilikuwa habari njema na nilimwambia shemeji hapo hapo.

Bado chini. Injini iliyochemka sana beringi nazo zinaweza kuwa zimekula, na oili nzito inaweza kuficha mlio. Nikamwambia mzee, tutakununulia oili mpya na filta mpya kwa hela yetu, tunachoomba ni hii ya zamani tuimwage tuiangalie. Ofa hiyo ni nadra mtu kuikataa, na akiikataa umeshapata jibu. Oili iliyotoka ilikuwa nzito kuliko inavyotakiwa kwa 1NZ ila haikuwa na maziwa. Filta nikaikata kwa mkasi wa bati, usitumie msumeno mana utajaza vumbi la chuma la kwako mwenyewe uanze kuogopa kitu ulichokileta, nikaikunjua karatasi yake juani. Vipande vya silikoni vilikuwemo, vyeusi, virefu kama uzi wa kushonea viatu. Vumbi la chuma lilikuwa dogo sana, la kawaida kwa injini ambayo ringi zimekaa juzi juzi. Nikapitisha sumaku, ikaokota kidogo sana. Sumaku haiokoti madini ya beringi, kwa hiyo niliangalia na yale mang'aro laini yanayobaki, yalikuwa machache mno. Chini pazima, ila chujio la pampu lazima lisafishwe kabla silikoni haijaziba.

Sasa picha ilikuwa kamili na haikufanana na ile ya kwenye simu. Gari ilichemka kwa sababu rejeta imeziba. Hedi ikapinda. Ikafunguliwa, na kwa kuwa imefunguliwa wakaona waweke na ringi na beringi kabisa, kazi ambayo labda haikuwa ya lazima. Kilichokuwa cha lazima, hedi na rejeta, ndo hakikuguswa. Mzee akampigia fundi aliyefanya kazi, akaweka spika. Fundi kijana tu, wala hakuficha: hedi walipiga msasa juu ya kioo, boliti wakarudisha zile zile, themostati wakatoa ili isichemke, "bosi alisema hela imeisha." Simlaumu sana. Msasa kwenye kioo unaweza kutoa uchafu ila hauwezi kunyoosha hedi iliyopinda, na boliti za hedi za injini hii zinafungwa kwa toki (nguvu ya kukaza) ndogo halafu zinazungushwa robo na robo tena mpaka zinavutika, ukizirudisha zilizokwisha kuvutika nguvu yake ya kubana huna uhakika nayo.

Shemeji akataka kuondoka. Nikamvuta pembeni nikamwambia, subiri. Gari ya mtumba ambayo ugonjwa wake unaujua kwa jina ni salama kuliko ile unayoambiwa haina kitu. Hapa tuna bloku nzuri, ringi nzuri, beringi nzuri, bodi nzuri, na tunajua kinachotakiwa. Tukapiga hesabu mbele ya muuzaji: kusawazisha hedi na kuipima nyufa, boliti kumi mpya, gasketi, themostati, rejeta mpya, kulanti (maji maalumu ya rejeta), kushusha sampu, ufundi. Ikaja milioni moja na laki moja, na bado kuna hatari ya kukuta ufa. Mzee alianzia kushusha laki tano, tukazungumza mpaka tukafika milioni saba na laki mbili, kwa masharti: mkataba wa maandishi mbele ya mwenyekiti wa mtaa, laki tano ya kwanza, hedi ifunguliwe tukiwepo, bloku au hedi ikikutwa na ufa hela inarudi na kila mtu anashika njia yake.

Hedi ilivyotoka, gasketi kati ya silinda ya pili na ya tatu ilikuwa imeungua, nyeusi, imeliwa, na pembeni kuna kijia kimeelekea kwenye tundu la maji. Tukalaza rula ya chuma iliyonyooka juu ya hedi. Toyota wanaruhusu upindaji wa 0.05 milimita upande unaokaa kwenye bloku. Fila geji, kile kijibati cha kupimia mwanya, ya 0.15 ilipita katikati bila kulazimishwa. Uso wa bloku nao tukaupima kwa urefu na kwa mshazari, hata 0.05 haikupita. Boliti tatu shingo zake zilikuwa zimekondeana unaona kwa macho. Hedi ikapandishwa basi kwenda Dar kwa mtu wa mashine, ikapimwa kwa presha, haina ufa, ikasawazishwa, na tulimwambia akwangue kidogo iwezekanavyo na aandike kiasi gani ametoa, mana ukikwangua sana unapandisha kompresheni na cheni nayo inabadilika mkao.

Baada ya kufunga, namba zilikuja 205, 200, 200, 205. Mikindani tulienda tena, watu wale wale, AC ile ile, joto likasimama kwenye 80 na kitu kwenda 90 na kitu, feni inawaka na kuzima.

Kuna kitu kimoja ambacho hatukukipima, ni ugumu wa hedi yenyewe. Aluminiamu iliyochemshwa vibaya inaweza kulainika, ikanyooshwa vizuri, ikafungwa vizuri, halafu baada ya muda ikaanza kuachia tena sehemu ile ile, au viti vya valvu vikalegea. Kuna kifaa cha kupima ugumu ila yule wa mashine hakuwa nacho. Shemeji aliambiwa hilo kabla hajamalizia hela, akasema atabeba hiyo hatari kwa ile bei. Kwa hiyo sasa kila asubuhi kabla hajawasha anafungua boneti anaangalia kitenki cha kulanti kimesimama wapi, na kisima tumekifuta kabisa kwenye habari za rejeta. Kikishuka chini ya alama na hamna tone lililoonekana sakafuni, abiria wanashushwa, gari haiendi Tandahimba, ananipigia.